Kiti Mwendo Ufukweni: Mwongozo kwa Watumishi wa Hoteli na Fukwe za Pwani

Hoteli nyingi za pwani ya Afrika Mashariki, zikiulizwa kama mgeni anayetumia kiti mwendo anaweza kufika baharini, hujibu kwamba hakuna shida, vijana watambeba. Jibu hilo hutolewa kwa moyo mweupe, na vijana wenyewe huwa tayari. Hata hivyo, halijibu swali lililoulizwa. Mtu anayebebwa hushuka saa ambayo wabebaji wamepata nafasi, hukaa pale alipowekwa, na hurudi watakapomkumbuka. Huduma inayostahili kuitwa fikivu ni ile inayomwachia mgeni uamuzi wa saa ya kushuka, mahali pa kukaa na saa ya kurudi, hata kama katika safari hiyo atahitaji mtu wa kumsukuma. Mwongozo huu umesimama juu ya msingi huo. Unawahusu watumishi wa mapokezi, wa vyumba, wa mikahawa na wa ufukweni, manahodha wa mashua za wageni, mafundi, na mameneja wanaoidhinisha bajeti.

Msingi wa haki

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa Desemba 2006 na kuanza kutumika Mei 2008. Ibara yake ya 30 inataja waziwazi haki ya kufika katika maeneo ya michezo, burudani na utalii. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kwa kiwango cha kuridhisha katika maeneo yote, vyombo vya usafiri wa umma na habari; sheria ya mwaka 2003 iliyokuwa ikisimamia haki hizo imefuatwa na sheria mpya ya 2025. Tanzania Bara ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010, na Zanzibar ilitunga ya kwake mwaka 2006.

Mtumishi wa hoteli halazimiki kuwa mwanasheria, lakini anapaswa kujua matokeo ya sheria hizo katika kazi ya kila siku. Chumba kilichoandaliwa kwa ajili ya mgeni mwenye ulemavu hakitozwi zaidi ya chumba kingine cha daraja lake. Hakiwekwi nyuma ya jiko au kando ya jenereta kwa kisingizio kwamba huko ndiko kusiko na ngazi. Ombi la nafasi halikataliwi kwa maneno "hatuna vifaa" kabla ya kutazama ni marekebisho gani yanawezekana kwa gharama ya kawaida. Na kumhamisha mgeni kutoka meza ya mbele ili wageni wengine wasisumbuke kumtazama ni ubaguzi, hata kukifanywa kwa tabasamu.

Kuna dhana iliyozoeleka kwamba mgeni wa kiti mwendo ni mtalii kutoka Ulaya, mwenye bima na msaidizi wake. Wapo wa namna hiyo. Lakini katika fukwe za umma, kama Coco Beach ya Dar es Salaam au Jomo Kenyatta ya Mombasa, siku ya Idi au Mwaka Mpya, mwenye kiti mwendo ni bibi aliyeletwa na wajukuu kutoka Magomeni au Kisauni, mstaafu aliyepatwa na kiharusi, au kijana aliyevunjika uti wa mgongo kwa ajali ya bodaboda. Huyu hana wakala wa safari wa kumwombea chochote. Halmashauri na kaunti zinazosimamia fukwe hizo zinabanwa na wajibu uleule unaozibana hoteli za nyota 5.

Taarifa hutangulia rampu

Safari ya mgeni anayetumia kiti mwendo huanza wiki au miezi kabla ya kufika, kwa kuuliza. Hapo ndipo hoteli nyingi humpoteza, au humdanganya bila kukusudia. Maneno kama "tuna vyumba vya walemavu" au "hoteli yetu ni rafiki kwa wote" hayana thamani kwa mtu anayetaka kujua kama kiti chake chenye upana wa sentimita 68 kitapita kwenye mlango wa bafu. Anachohitaji ni vipimo. Afisa wa mapokezi anayezunguka hotelini na futikamba kwa nusu siku, akaandika anachokiona, huwa ameifanyia hoteli yake kazi ambayo wengi hawajawahi kuifanya, tena bila kuomba senti kwa mhasibu.

Vipimo vyenye maana havizidi karatasi moja. Upenyo wa kila mlango hupimwa mlango ukiwa umefunguliwa kabisa, kutoka ubao wa mlango hadi fremu ya upande wa pili. Vipimo vya fremu tupu hudanganya. Kimo cha kila kizingiti huandikwa, kwa kuwa milango ya mbao ya pwani, ile ya kuchongwa hasa, ina vizingiti vya juu ambavyo mtembea kwa miguu haoni hata kama vipo. Huandikwa pia idadi ya vidato kati ya lango, mapokezi, chumba, mkahawa, bwawa la kuogelea na ufukwe. Kimo cha kitanda kutoka sakafuni hadi juu ya godoro. Kimo cha choo na nafasi iliyopo kando yake. Na urefu wa kila mteremko pamoja na kimo unachopanda.

Picha nazo zina adabu yake. Zipigwe kutoka kimo cha macho ya mtu aliyeketi, na zioneshe sakafu ya bafu, nafasi kando ya kitanda na njia ya kwenda ufukweni mwanzo hadi mwisho. Maua ya asumini juu ya shuka jeupe yanapendeza, ila hayamwambii mtu choo kiko upande gani.

Upungufu utajwe bila aibu. Sentensi inayosema "mkahawa wa juu una vidato 14 na hakuna lifti, chakula kilekile hupatikana chini" humwezesha mgeni kuamua. Ukimya kuhusu vidato hivyo humfanya avigundue usiku wa kwanza, akiwa na njaa, baada ya saa kumi na mbili za ndege.

Mgeni naye ana mambo ya kuulizwa, na kuyauliza si utovu wa heshima mradi yanahusu huduma. Kiti chake ni cha kusukuma kwa mkono au cha umeme? Kina upana na uzito gani? Je, anaweza kusimama kidogo au kuhama mwenyewe kutoka kitini hadi kitandani, na hupendelea kuhamia upande gani? Anasafiri na msaidizi? Atahitaji kiti cha kuogea? Swali lisiloulizwa ni lile linaloanza na "Ulipatwa na nini?" Historia ya mwili wa mgeni ni mali yake. Majibu yaliyopatikana hupelekwa kwa wanaoyahitaji tu, yaani msimamizi wa vyumba, fundi na kiongozi wa ufukweni. Hayabandikwi kwenye ubao wa jikoni.

Siku ya kupokelewa, salamu humwelekea mgeni mwenyewe. Ni kosa la kila siku mapokezini kumuuliza anayesukuma, "Huyu atakula nini?" Mzee aliyeketi kwenye kiti mwendo hupewa shikamoo yake kama mzee mwingine yeyote, na fomu ya kusaini huletwa kwake juu ya ubao wa kuandikia ikiwa meza ya mapokezi ni ndefu kumzidi. Kiti chake hakishikwi, hakisukumwi wala hakiegemewi pasipo ruhusa, maana kwa mtumiaji kiti ni sehemu ya mwili.

Njia na chumba

Kanuni inayotambulika kimataifa kwa mteremko wa kiti mwendo ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kimo huhitaji sentimita 12 za urefu. Hesabu hii ndiyo inayowashinda mafundi wengi, kwa sababu matokeo yake huonekana marefu kupita kiasi. Vidato vitatu vya sentimita 15 kila kimoja hufanya kimo cha sentimita 45, hivyo mteremko wake unahitaji mita 5.4. Rampu ya mita 2 iliyomwagwa zege mahali hapo haitumiki kwa usalama. Anayepanda huhatarisha kuanguka kinyumenyume, na anayeshuka huishia kwenye maua. Ardhi ikiwa finyu, mteremko hukunjwa, ukawekewa kituo bapa cha kupumzikia penye kona, kipana kiasi cha kiti kugeuka. Kingo ndogo za pembeni huzuia gurudumu kutoka njiani, na vishikio huwekwa pande zote mbili.

Upenyo wa mlango usipungue sentimita 80, na 90 ni bora zaidi. Ndani ya chumba na ndani ya bafu inatakiwa nafasi tupu ya duara lenye kipenyo cha sentimita 150 ili kiti kigeuke. Nafasi hiyo mara nyingi ipo tayari, ila imejazwa meza ya kahawa, sanduku la mapambo na mtungi.

Kitanda ndicho kinachohitaji uangalifu wa pekee pwani. Samadari la Kizanzibari ni fahari ya chumba, lakini lina kimo ambacho hata mwenye miguu mizima hupanda kwa kujirusha. Kitanda kinachomfaa anayehama kutoka kiti mwendo huwa na godoro lililo sawa au karibu sawa na kalio la kiti, takriban sentimita 45 hadi 50 kutoka sakafuni. Vitanda vilivyojengwa kwa saruji, vinavyopendwa na wasanifu wa siku hizi, vina tatizo jingine: chini yake hakuna uwazi, kwa hiyo winchi ya kumnyanyulia mgeni, ambayo miguu yake huingia uvunguni, haiwezi kutumika. Chandarua kifungwe upande ambao mgeni anaweza kukifungua akiwa kitandani.

Bafu huamua kama mgeni atakaa siku saba au ataondoka kesho yake. Sakafu iwe moja, bila ukingo wa kuzuia maji, ikielekezwa polepole kwenye tundu la kutolea maji. Choo cha kukaa kiwe na kimo cha sentimita 43 hadi 48, na vishikio vilivyofungwa kwenye ukuta imara, si kwenye vigae pekee. Ukuta wa matofali mepesi huhitaji bamba la nyuma kabla ya kishikio, kwani kishikio kinachong'oka mkononi ni hatari kuliko kutokuwepo. Kiti cha plastiki cha bustani hakifai kuogea: miguu yake hutanuka juu ya sakafu yenye sabuni na mtu huanguka. Bomba la mvua la mkononi lenye mpira mrefu ni la bei nafuu na husaidia zaidi ya mapambo yote ya ukutani. Kamba ya kuitia msaada, kama ipo, iachwe ining'inie hadi karibu na sakafu. Wahudumu wa vyumba huwa na desturi ya kuizungusha juu ili isichafuke, na hapo ndipo aliyeanguka hawezi kuifikia.

Umeme usisahaulike. Kiti cha umeme huchajiwa usiku kucha, na hoteli za visiwani zinazozima jenereta saa nne usiku zinapaswa kusema hivyo mapema na kutenga chanzo kingine cha umeme kwa chumba hicho. Mlinzi wa zamu ya usiku ajue namba ya chumba chenye mgeni asiyeweza kukimbia, kwa kuwa makuti yakishika moto hayatoi nafasi ya kuuliza.

Mchanga na maji

Kiti mwendo cha kawaida huzama mchangani kwa sababu magurudumu yake madogo ya mbele hubeba uzito juu ya eneo dogo mno. Kukisukuma mbele kwa nguvu huyachimbia zaidi na huweza kumrusha mgeni kifudifudi. Pakiwa hapana namna nyingine, kiti hugeuzwa na kuvutwa kinyumenyume, magurudumu makubwa yakitangulia na ya mbele yakiwa yamenyanyuliwa kidogo. Mbinu hiyo inafaa kwa mita chache tu. Haifai kuwa mpango wa hoteli.

Mpango una sehemu mbili. Ya kwanza ni njia ngumu juu ya mchanga mlaini, ambayo ni zulia maalumu la nyuzi za plastiki linalokunjika au mbao zilizounganishwa vipande vipande. Mbao hupangwa zikikingama njia, si kwa urefu wake, na mwanya kati ya ubao na ubao usizidi sentimita 1, kwani gurudumu dogo hunaswa penye mwanya mpana. Zege halishauriwi. Pepo za kusi na kaskazi huhamisha mchanga, na ufukwe wa Julai si ufukwe wa Januari. Njia ya kudumu huachwa ikining'inia au hufukiwa. Zaidi ya hayo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka ufukweni, kwa hiyo njia inayoondolewa inapunguza mgogoro na mamlaka. Mahali ambapo kasa hutaga, kama Watamu na Mafia, zulia hukunjwa jioni ili lisimzuie jike anayepanda wala vifaranga wanaoteremka.

Sehemu ya pili ni kiti cha ufukweni, chenye magurudumu mapana ya mpira yaliyojazwa hewa kidogo, ambayo huelea juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Baadhi, kama Tiralo kilichobuniwa Ufaransa, huelea hata majini. Viti vingi vya aina hii haviwezi kusukumwa na aliyeketi mwenyewe, kwa hiyo huhitaji mtumishi aliyepangiwa kazi hiyo, si yeyote atakayepatikana. Kiti kimoja kisichohifadhiwa stoo chini ya funguo za mtu aliyekwenda likizo kina faida kuliko viwili vilivyofungiwa.

Hapa linahitajika neno la tahadhari kwa mameneja wanaorudi kutoka maonyesho ya utalii na picha za Ugiriki. Nchini Ugiriki upo mtambo uitwao Seatrac, unaotumia nguvu za jua, ambao humteremsha mtu baharini akiwa ameketi kwenye kiti kinachopita juu ya reli, akiuendesha mwenyewe. Umewekwa katika fukwe zaidi ya 200 za nchi hiyo. Ni kazi nzuri sana, na inatimiza hasa lengo la mgeni kujiamulia. Lakini bahari ya Mediterania karibu haipwi wala haijai, tofauti ikiwa ni sentimita kadhaa tu. Pwani yetu, siku za bamvua, maji hupanda na kushuka kwa karibu mita 4, na katika fukwe bapa za mashariki ya Unguja kama Paje na Jambiani bahari hurudi nyuma mamia ya mita. Reli ya urefu huo haipo. Mtambo wa namna hiyo unaweza kufikiriwa penye ufukwe wenye mteremko, kama Nungwi na Kendwa, na hata huko baada ya vipimo vya fundi.

Kwa hiyo chombo muhimu kuliko vyote ufukweni ni jedwali la maji, na elimu yake wanayo wavuvi tangu hapo. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu saa kumi alasiri na kuendelea, na hupwa karibu saa nne asubuhi. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa karibu saa nne asubuhi, wala hayaendi mbali yakipwa. Mgeni anayeshushwa baada ya kifungua kinywa siku ya bamvua ataikuta bahari upeoni. Hilo haliharibu siku ikiwa limepangwa, kwa sababu mchanga mbichi uliobanwa na maji ni mgumu, na kiti cha ufukweni huteleza juu yake vizuri kuliko juu ya mchanga mkavu. Anaweza kupelekwa matembezi marefu kandokando ya mashamba ya mwani, kwa kupisha kamba na vigingi vya akina mama wanaolima, kisha akaogelea alasiri. Ratiba ya wiki nzima huandikwa siku ya kuwasili, na mgeni huchagua.

Kurudi ndiko kugumu. Kushuka ufukweni watu wawili hutosha, lakini kupandisha kiti kilicholowa kwenye ukingo wa mchanga mkavu, maji yakiwa nyuma yanajaa, huhitaji watatu au wanne. Mpangaji makini huhesabu watu wa kurudi kabla ya kuruhusu kushuka.

Majini, mtumishi anayeshika kiti hamwachi mgeni kumwendea mwingine. Mtu asiyetawala misuli ya kiwiliwili huhitaji jaketi la kuokolea linalomgeuza uso juu. Jaketi la kawaida la mchezo wa mashua halifanyi hivyo. Asiye na hisia miguuni huvaa viatu vya baharini, kwa kuwa matumbawe na viumbe vyenye miiba vitamkata asijue, na jeraha dogo huweza kumlaza hospitali wiki nyingi. Kwa sababu hiyohiyo, kalio la plastiki lililoachwa juani hupozwa kwa maji na kufunikwa kwa taulo kabla hajaketi. Baadhi ya watu walioumia uti wa mgongo katika sehemu za juu hawatoki jasho vya kutosha, na joto huwapanda haraka. Kivuli, maji ya kunywa na kitambaa kibichi viwe karibu. Akilalamika ghafla kwa maumivu makali ya kichwa na uso kumwiva, asilazwe. Huketishwa wima, nguo na mikanda inayobana hulegezwa, na daktari huitwa mara moja.

Kiti binafsi cha mgeni hakiingizwi baharini. Chumvi na mchanga huua beringi zake, na cha umeme huharibika kwa mnyunyizo tu. Hubaki kivulini mwisho wa zulia, kikisubiri, mahali mwenyewe anapokiona.

Pale kubeba kunapolazimu

Hakuna mwongozo utakaofuta kubeba kabisa, hasa kwenye mashua. Ngalawa haina gati, na mashua ya kwenda kwenye mwamba husimama majini. Linalotakiwa ni kubeba kuwe chaguo la mwisho, kwa ridhaa, na kwa ufundi. Mgeni huulizwa jinsi anavyopenda kubebwa, maelezo yake hurudiwa kwa sauti ili kuhakikisha yameeleweka, na mtu mmoja tu hutoa amri. Hanyanyuliwi kwa kuvutwa mikono wala kwa kushikwa makwapani. Mabega ya mtu anayetegemea mikono kusukuma kiti ndiyo miguu yake. Wabebaji hukunja magoti, si migongo, na aliyechoka husema kabla ya kunyanyua. Nahodha hana ruhusa ya kuondoka kabla ya kuonesha jinsi mgeni atakavyoshuka wakati maji yamebadilika, kwani pale palipokuwa na maji ya kiunoni wakati wa kupanda huenda pakawa na matope wakati wa kurejea.

Jambo hilohilo huathiri vivuko. Mteremko wa kuingilia feri ya Likoni hubadilika na maji, vilevile ngazi za boti za Dar es Salaam na Unguja. Dereva anayemleta mgeni Diani au bandarini atazame jedwali kabla ya kupanga saa. Kwa wanaosafiri kwa ndege na kiti chenye betri ya lithi inayotolewa, mashirika ya ndege hufuata ukomo wa wati-saa 300 kwa betri moja, au 160 kwa kila moja zikiwa mbili. Ofisi ya safari ya hoteli inayoijua kanuni hiyo humwokoa mgeni na mabishano ya uwanjani alfajiri.

Wajibu wa uongozi

Vipimo vyote vilivyotajwa vinaweza kukaguliwa na mhandisi, lakini mkaguzi bora ni mtumiaji. Mashirikisho ya watu wenye ulemavu, SHIVYAWATA kwa Tanzania Bara na SHIJUWAZA kwa Zanzibar, na chama cha APDK kwa Kenya, ambacho karakana zake za Bombolulu mjini Mombasa zimekuwa zikipokea watalii tangu enzi za wazee wetu wa kazi, ni mahali pa kuanzia kuwatafuta watu hao. Walipwe kwa siku yao kama mshauri mwingine. Kumwalika mtu mwenye ulemavu kukagua hoteli kwa malipo ya chakula cha mchana ni desturi mbaya, na ifike mwisho.

Ajira ni sehemu ya jambo hili. Sheria ya Tanzania ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Hoteli yenye mhasibu au mpokea wageni anayetumia kiti mwendo hugundua kasoro za rampu yake wiki ya kwanza, pasipo ripoti.

Mafunzo ya kuhamisha mgeni, ya kusukuma kiti cha ufukweni na ya uokoaji hufanyika kwa vitendo, kabla ya msimu kuanza, na watumishi wakikalia kiti kwa zamu. Anayehitimu huandikiwa katika jalada lake, jambo linalompa hoja ya haki anapoomba kupandishwa cheo. Bakshishi haipaswi kuwa ndiyo malipo ya huduma hii. Mgeni anayelazimika kutoa noti kila anapotaka kushuka baharini ametozwa kiingilio ambacho wengine hawalipi, na mtumishi anayeitegemea hujikuta akimkwepa asiyetoa. Kazi hiyo huingizwa katika zamu na kulipwa kama kazi.

Vifaa huwekewa daftari la matunzo. Kiti cha ufukweni husuuzwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila jioni, hewa ya magurudumu hupimwa kila wiki, zulia hufagiliwa mchanga uliopeperushwa na upepo, na vishikio vya bafuni hutikiswa kwa mkono na fundi kabla ya kila mgeni kuingia. Kifaa kilichoahidiwa kikiharibika, mgeni aliyekwisha kulipa aarifiwe kabla hajasafiri, aelezwe lini kitatengenezwa, na apewe nafasi ya kubadilisha tarehe au kurejeshewa fedha zake zote.